Sura ya Nne: Kibaba cha Mfuto

Usiku wa kuamkia Idi, nyumbani kwetu kusini mwa Pemba, mchele ulimwagwa mkekani kwanza, nguo mpya zikafuata. Bibi alikaa kitako, miguu kaikunjia upande mmoja, kopo la kibaba mkononi, nasi wajukuu tumemzunguka kama vifaranga waliosikia ungo unapepetwa.

"Haya, nihesabieni watu wa nyumba hii."

Tukaanza. Bibi mwenyewe, baba, mama, ami aliyekuja kutoka Tanga, sisi watoto wanne. Wanane.

"Na huyo?" Alielekeza kidevu kwenye kanga iliyoviringwa pembeni. Ndani yake alilala mdogo wetu wa wiki tatu.

"Huyo hali wali, Bibi."

"Wali hali, lakini pishi yake anayo."

Basi tukawa tisa. Katika zaka ya fitri, kichanga na mzee wana haki sawa: pishi moja kila kichwa, na pishi ni vibaba vinne. Mtoto aliyezaliwa kabla ya jua la mwisho la Ramadhani kuzama anahesabiwa. Aliyezaliwa baada ya magharibi, kwa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo yetu, halazimiki kutolewa mwaka huo. Nilikuwa na miaka sita na tayari nilikuwa nimeambiwa kwamba dakika chache zinaweza kubadili jumla.

Kisha Bibi akachota. Mchele ulipanda juu ya mdomo wa kopo kama kichuguu. Akapitisha kiganja, shaa, uliozidi ukarudi mkekani. Ndugu yangu akaruka: "Bibi, unawapunja masikini!"

"Simpunji mtu. Hiki ndicho kibaba. Kile cha mwanzo hukijui kilikuwa kiasi gani, hata mimi sikijui."

Alipima vyote hivyo hivyo, kibaba cha mfuto, na kwa kila kibaba mmoja wetu aliweka komwe moja kwenye mkeka, nne nne kwa kila mtu, mpaka safu tisa zikatimia. Thelathini na sita. Alipomaliza, akachota tena kwa mkono na kutupia kidogo juu ya kila fungu. "Hii yangu mie," alisema. "Haimo kwenye hesabu."

Nimesomea ualimu baadaye, nimehudhuria semina nisizozikumbuka idadi, nimefundisha watoto wa maandalizi kwa miaka mingi. Sijaona somo la vipimo lililopita lile. Kulikuwa na kipimo kimoja kisichobadilika, mtu mmoja kwa kila fungu, jumla inayoweza kukaguliwa na mtoto kwa kutazama safu, na tofauti kati ya haki na hisani iliyoonyeshwa kwa mkono bila hotuba. Zaidi ya yote, kulikuwa na sababu ya kutokosea. Mtu fulani nje ya nyumba ile alikuwa anangoja mchele ule kabla ya sala ya Idi, na kama tungehesabu vibaya, angekosa chake.

Sura hii inahusu sikukuu kwa sababu hiyo. Mtoto mdogo hahitaji hesabu ipambwe picha za sherehe ili aipende. Anahitaji kukutana nayo pale inapofanya kazi, na katika kisiwa chetu, hakuna wakati hesabu inafanya kazi nyingi mbele ya macho ya watoto kama mwezi wa Ramadhani na sikukuu mbili zinazofuata.

Nalisema hili nikikumbuka kitabu kimoja cha mazoezi kilichowahi kutufikia katika boksi la msaada. Karatasi nzuri, rangi za kung'aa. Ukurasa mmoja ulimtaka mtoto ahesabu mitungi mitatu myeupe iliyopandana, yenye pua ya karoti. Watoto walikaa kimya. Mwisho msichana mmoja akasema ni mapumba ya unga. Mwingine akasema ni mzuka. Tulitumia nusu saa kueleza theluji, na mwisho wa nusu saa hiyo hakuna aliyekuwa amehesabu chochote. Waliokichora kitabu hicho walifanya jambo la busara kabisa kwa watoto wao. Kosa lilikuwa letu tuliodhani sikukuu ya watu wengine inaweza kutufundishia watoto wetu kujumlisha.

Kosa langu binafsi lilikuwa kubwa zaidi. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilijivunia darasa lililoweza kuimba moja hadi mia kwa pamoja. Wageni wakija, tunaimba. Siku moja baada ya Idi mama mmoja alileta sahani ya visheti, nikamwambia kijana mmoja, muimbaji wangu hodari, awape wenzake wa mkeka wa mbele visheti sita. Alichota konzi moja kubwa na kuwamwagia. Nikamwambia, "Hesabu." Akahesabu vizuri sana: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane. "Sasa ni vingapi?" Akanitazama, akaanza tena: moja, mbili, tatu…

Alijua wimbo. Hakujua kwamba neno la mwisho la wimbo ndilo jibu. Mwaka 1990 mwanasaikolojia wa Marekani, Karen Wynn, alichapisha utafiti ulioonyesha jambo hilo hilo kwa watoto wadogo: wanaweza kutaja namba kwa mpangilio mapema sana, lakini ukiwaomba vitu vitatu wanakupa konzi, na huchukua miezi mingi kabla ya kuelewa kwamba kuhesabu kunakuambia idadi. Laiti ningeusoma kabla ya kuwaalika wageni. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: acha kumwambia mtoto "hesabu", mwambie "nipe". Nipe tende tatu za kufuturia. Mpelekee babu vikombe vinne. Tuletee masinia mawili. Ramadhani nzima ni amri za namna hiyo, na kila jioni adhana inalazimisha jibu lipatikane kabla ya saa fulani.

Anza na trei ya mayai.

Trei ya kawaida ya kadibodi, ile ambayo duka la mtaani hutupa kila wiki, ina mashimo thelathini: safu sita za tano tano. Ramadhani ina siku ishirini na tisa au thelathini. Sijui aliyeibuni trei alikuwa wa dini gani, lakini ametufanyia hisani. Kila jioni baada ya kufuturu mtoto anaweka komwe moja katika shimo moja, kuanzia kushoto. Ukikosa komwe, kokwa za kungu zinafaa, au simbi, au vijiwe vya ufukweni. Kinachotakiwa ni vitu vya namna moja vinavyokaa shimoni bila kuviringika.

Siku ya tano safu ya kwanza inajaa, na mtoto haambiwi kitu, anaona. Siku ya kumi safu mbili zimejaa, na hapo wazee wenyewe watasema kumi la kwanza limekwisha, kumi la rehema, tunaingia la maghufira. Mwezi wetu umekwishagawanywa katika makumi matatu kabla mwalimu hajafungua mdomo. Chora mstari wa mkaa kwenye trei baada ya kila safu mbili, na umepata kile ambacho vitabu vya ualimu hukitumia kurasa kadhaa kukieleza: kumi kama kitu kimoja. Siku ya kumi na nne muulize, "Umeweka ngapi?" Mwanzoni atagusa moja moja toka kwanza. Usimharakishe. Karibu na siku ya ishirini utamwona anapitisha mkono juu ya safu zilizojaa bila kuzigusa na kuanzia pale zilipoishia. Hilo ndilo tukio lenyewe, na linapotokea mara nyingi watu wazima wako jikoni.

Kuna maswali mawili ya kuuliza juu ya trei, na moja ni gumu kuliko lingine kwa mbali. La kwanza: "Bado ngapi?" Mtoto anahesabu mashimo matupu, na anafurahi kwa kuwa Idi iko kwenye shimo la mwisho. La pili: "Trei yako na ya mwenzako, ipi ina zaidi, na zaidi kwa ngapi?" Ipi ina zaidi, watasema mara moja. Kwa ngapi, watakujibu jumla ya trei iliyo kubwa. Nimeliuliza swali hilo kwa watoto wengi, na wanaolijibu wakiwa na miaka mitano nawahesabu kwa vidole. Tutalirudia.

Sasa kibaba. Siku hizi mijini fitri hupimwa kwa kilo, kati ya mbili na nusu na tatu kufuatana na kauli ya sheikh unayemfuata, na vijana wengi hawajawahi kukishika kibaba chenyewe. Methali ya haba na haba inatajwa kila siku na watu ambao hawajawahi kujaza hicho kinachojazwa. Basi ijaribuni nyumbani kama jaribio. Tafuta kibaba kwa bibi yeyote. Ukikikosa, kopo lolote la maziwa la ukubwa wa wastani litafanya kazi ya kujifunzia, mradi lisibadilishwe katikati.

Asili ya kibaba katika fitri ni mudi ya Waarabu, nayo ni ujazo wa viganja viwili vya mtu mzima wa wastani vilivyokingwa pamoja. Mwambie mtoto akinge viganja vyake. Kabla hajachota, mtake akisie: mara ngapi mpaka kijae? Mjukuu wangu wa miaka mitano alisema mara mia. Alipochota, kibaba kilijaa kwa mara tatu na kidogo. Ile "na kidogo" alibaki nayo mkononi, hajui pa kuiweka. Tukaiacha kwenye sahani peke yake. Kisha baba yake akakinga viganja vyake, mara moja tu, na kibaba karibu kijae. Mtoto akatazama mikono yake, akatazama ya baba yake, akasema, "Baba anadanganya." Tukarudia. Mara ya tatu alikubali, na akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Masikini akipimiwa kwa mikono yangu?"

Hapo ndipo kopo linapopata maana. Mikono haifanani, kopo linafanana na lenyewe. Na ndipo kiganja cha mfuto kinapopata maana pia: kibaba cha tele cha mtu mmoja si kibaba cha tele cha mwingine, kwa kuwa kichuguu hakina ukomo, lakini mdomo wa kopo una ukomo. Mwache mtoto afute mwenyewe. Atamwaga, mkeka utajaa mchele, kuku watanufaika. Mpe mchanga mkavu kama unaona uchungu, ingawa mchanga haumfundishi uangalifu kama mchele unavyofanya, maana anajua mchanga hauliwi.

Kutoka kibaba kwenda pishi ni safari fupi: vinne, na pishi imetimia. Wanaoishi kwenye mikarafuu wanaijua pishi kwa namna nyingine, kwani wachumaji hulipwa kwa pishi za karafuu walizochambua, na mtoto wa mchumaji mara nyingi anajua kujaza pishi kabla hajajua kuandika jina lake. Mwalimu asiyejua hilo atamwita mtoto huyo mzito wa hisabati.

Nifafanue jambo kuhusu vifaa, kwa sababu najua wapo watakaosema haya ni mambo ya nyumbani. Katika miaka ya 1980 Mombasa ulianzishwa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, mpango wa madrasa za malezi ya awali, ambao ulifika Zanzibar mwaka 1990. Waasisi wake waliamua kwamba darasa la mtoto wa pwani litajazwa vifuu, kokwa, makuti, vitambaa na vizibo, yaani vile alivyovikuta mtoto kwao. Wengi waliliona kama njia ya kukwepa gharama. Gharama ilikuwamo, lakini faida kubwa ni kwamba mtoto akirudi nyumbani vifaa vya darasani vinamngojea uani. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliingiza miaka miwili ya maandalizi katika elimu ya msingi ya lazima. Skuli nyingi za Pemba zimejikuta na watoto wengi mkekani na kabati tupu, na katika hali hiyo ukuta wa vizibo na komwe si umasikini.

Asubuhi ya Idi yenyewe haina nafasi ya masomo, na usijaribu. Lakini msikilize mtoto aliyerudi kutoka msikitini. Katika sala ya Idi kwa Shafi kuna takbira saba katika rakaa ya kwanza na tano katika ya pili, mbali na zile za kawaida, na kila mtoto wa kiume niliyemjua utotoni alizihesabu kwa vidole kwa hofu ya kurukuu peke yake. Mkono mmoja na viwili vya mkono wa pili, halafu mkono mmoja. Saba ni tano na mbili: wametembea nayo mpaka nyumbani bila kujua ni somo.

Kisha zinakuja pesa.

Mtoto wa Pemba siku ya Idi anazunguka nyumba za jamaa kutaka sikukuu yake, na jioni anazipeleka Tibirinzi au kiwanja kingine cha karibu na kwao, kwenye pembea, mishikaki, maembe ya pilipili na miwani ya plastiki isiyomaliza siku mbili. Sarafu zetu za sasa ni za hamsini, mia, mia mbili na mia tano, na hapo pana mtego ambao lazima nikiri mimi mwenyewe niliwahi kuutumia. Nilikuwa na miaka minane. Binamu yangu wa miaka mitano alikuwa na sarafu moja ya shilingi tano, ile ya zamani yenye pembe pembe. Nikamwambia, "Wewe una moja tu, masikini. Mie ntakupa tatu." Nikampa shilingi moja moja tatu, akachukua kwa furaha na kwenda kuwaonyesha watu. Ndivyo nilivyokamatwa. Mama alinirudisha kwa sikio, nikalipa tano nzima mbele ya wageni, moja moja, kwa sauti.

Binamu yangu hakukosea kuhesabu. Tatu ni nyingi kuliko moja, na hilo alilijua barabara. Alichokuwa hajakijua ni kwamba kitu kimoja kinaweza kubeba vitano ndani yake na kisionyeshe. Hilo si jambo dogo. Ndilo jambo lile lile atakalokutana nalo darasa la kwanza akiambiwa kwamba moja ya kwenye 14 si moja, ni kumi, na atadanganyika tena kwa njia ile ile kama hakuna aliyemwonyesha mapema.

Duka la sikukuu linatibu. Wiki moja kabla ya Idi, weka mkekani vitu vya kuuza: kaimati za udongo, vileja vya unga wa kuchezea, pete za ukindu. Komwe ndiyo mia, kokwa ya kungu ndiyo mia tano. Watoto watachoka haraka kubeba komwe nyingi na wataanza wenyewe kubadilishana: tano kwa kungu. Sheria yangu moja ni kwamba kila anayebadilisha azipange komwe tano kando ya kungu, aliyepewa aziguse, ndipo zichukuliwe. Watu wazima huona uzito huo wa nini. Uzito ni wa kumfanya atazame vitano vikigeuka kimoja, mara kumi, mara ishirini, mpaka visimshangaze. Na kama muuza duka akitaka kumdhulumu mnunuzi, mwache ajaribu mara moja. Darasa zima litamsimamia.

Piko na hina nitazipita haraka, si kwa kuwa hazina hesabu bali kwa kuwa zina somo moja tu kwa umri huu: kilichochorwa mkono wa kulia kigeuzwe kinapohamia wa kushoto, na mtoto huona kosa kabla ya mchoraji. Mpe nafasi ya kulionyesha.

Mikeka ina zaidi. Wanawake wa Pemba wanaosuka ukili wanafanya kazi ambayo Paulus Gerdes, mtaalamu wa hisabati aliyefundisha Msumbiji mpaka kifo chake mwaka 2014, aliandika juu yake kwa miongo: alionyesha kwamba msukaji wa mikeka na vikapu anafikiri kihisabati, na kwamba mtoto anaweza kuanzia hapo. Mtoto wetu mpe chane za rangi mbili na kazi ya kuendeleza: nyekundu, kijani, nyekundu, kijani. Akishaizoea, mpe nyekundu mbili na kijani moja, muulize inayofuata ni ipi na alijuaje. Jibu la "alijuaje" ndilo la thamani. Mtoto mmoja aliniambia, "Nimeisikia." Nilipomtaka aeleze, aliupiga mkeka kwa kiganja: pa-pa-ti, pa-pa-ti. Hakuwa amekosea.

Kati ya Idi mbili kuna kamba. Waswahili tuliipa miezi majina yanayohesabu toka mfungo: Shawali ni Mfunguo Mosi, unaofuata ni Mfunguo Pili, mpaka Mfunguo Kenda, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Idi ya kuchinja ni kumi Mfunguo Tatu, Maulidi ni kumi na mbili Mfunguo Sita. Watoto wa sasa wamepewa kalenda ya benki ukutani na hawaijui hii, nami naona ni hasara, maana kalenda ya majina haiwezi kujumlishwa ila hii inaweza. Funga mafundo tisa kwenye kamba ya usumba. Mwezi ukiandama, mtoto anafungua fundo moja. Imebaki mingapi mpaka Maulidi? Anashika kamba na kuhesabu kwa gumba. Neno lenyewe limemwambia la kufanya: mfunguo, fungua. Ndugu zake wakubwa wanaweza kushindana kueleza kwa nini Idi ya mwaka huu haikuja tarehe ile ya mwaka jana: miezi kumi na miwili ya mwezi mwandamo hufanya siku 354, na mwaka wa jua 365, basi kila mwaka Idi inarudi nyuma kama siku kumi na moja, na itachukua takriban miaka thelathini na mitatu kurejea msimu ule ule. Babu aliyefunga utotoni wakati wa kipupwe atakuwa shahidi wao.

Fundo la tatu likifunguliwa, linakuja fungu, na fungu limenifundisha zaidi kuliko nilivyolifundisha. Ng'ombe mmoja wa udhiya huweza kuchinjwa kwa ajili ya watu saba. Nyama ya kila mmoja, kama ilivyozoeleka, hugawanywa thuluthi tatu: ya nyumbani, ya jamaa na jirani, ya masikini. Nilikuwa na desturi ya kuwachezesha watoto mgawo huu kwa vipande ishirini na moja vya udongo na majani saba ya mgomba. Wanagawa kama karata: kimoja kwako, kimoja kwako, kimoja kwake, mpaka viishe. Kila jani tatu. Vizuri. Hawajasikia neno kugawanya na wamegawanya. Kila jani lenye tatu linagawika tena, kimoja kimoja, na hapo nawatajia neno thuluthi, maana lugha yetu imetupa maneno mamoja yaliyokamilika, nusu, thuluthi, robo, sudusi, thumni, na mtoto anayeyasikia mapema haoni sehemu kama namba iliyovunjika. Anaiona kama kitu chenye jina lake.

Mwaka mmoja watoto walifinyanga wenyewe vipande, wakaona udongo mchache, vingine vikawa vikubwa, vingine vidogo. Wakagawa. Kila jani tatu. Kijana mmoja akalitazama jani lake na kutangaza, "Langu lina mifupa."

"Lakini una tatu," mwenzake alimjibu. "Sote tuna tatu."

"Tatu zako nene."

Walinigeukia. Sikuwa nimejitayarisha. Ndani ya dakika tano walikuwa wameleta kibaba kutoka kwenye kona ya mchele, wakajaribu kujaza udongo wa kila jani, ukagoma kuingia, wakaufinya, ukaingia. Kibaba cha jani moja kilijaa mpaka juu, cha jingine nusu. Waligundua, wenyewe, kwamba mtu anaweza kuhesabu sawa na kugawa kwa dhuluma. Niliwaacha wavunje, wapunguze, waongeze. Somo la kusoma lililotakiwa kufuata halikufanyika siku hiyo.

Nimeahidi kurudi kwenye trei. Pemba, kama sehemu nyingine nyingi, watu hawakubaliani daima juu ya mwezi: wako wanaongoja uonekane kwetu au karibu nasi, na wako wanaofuata ukionekana popote duniani. Huandamana siku moja kuanza na kutofautiana kumaliza, au kinyume chake, na nyumba mbili zilizotenganishwa na ua huweza kuwa na Idi mbili. Baada ya sikukuu mwaka mmoja, watoto walirudisha trei darasani. Wawili waliokaa pamoja, walioanza kufunga siku moja, kama watoto wanavyofunga, mpaka adhuhuri, waliziweka kando kando. Ya mmoja ilijaa. Ya mwenzake ilibaki na shimo tupu mwishoni.

Niliona hatari ya mabishano ya wazee kuingia darasani, nikataka kubadilisha mazungumzo. Msichana mwenye trei iliyojaa alikuwa amekwishaanza.

"Mie nimefunga zaidi."

Nikajikuta namuuliza lile swali, kwa mazoea tu, nikitegemea aniambie thelathini. "Zaidi kwa ngapi?"

Hakuhesabu. Aliinama juu ya trei ya mwenzake, akaingiza kidole kwenye shimo tupu, akakizungusha humo ndani.

"Kwa haka," alisema.